Mwanadamu Aliumbwa kwa Kazi Gani? Visa vya Uumbaji katika Dini za Walimwengu

Ni nadra kupata taifa juu ya uso wa ardhi, liwe la watu wenye vitabu au la watu wanaohifadhi elimu yao vifuani, lisilokuwa na kisa kinachoeleza ulimwengu ulianza vipi, mwanadamu wa kwanza alitoka wapi, na mauti yalipata njia gani ya kuingia katika maskani yake. Visa hivyo vimekusanywa na kulinganishwa na wanavyuoni kwa muda wa miaka mia na zaidi, na katika kulinganisha huko yametokea makundi mawili, kila moja likishika upande wake kwa nguvu. Kundi la kwanza husema kwamba visa vyote asili yake ni moja, maana kila mahali mna maji, udongo, giza na nuru. La pili husema kwamba kisa cha dini yake ndicho khabari ya kweli, na visa vya wengine ni ngano za kubembelezea watoto. La kwanza halisomi kwa makini, kwa kuwa linatosheka na kufanana kwa vitu. La pili halisomi kabisa, kwa kuwa limekwisha kukata hukumu kabla ya kusikiliza shahidi.

Makala haya yanashika njia ya tatu. Yanadai kwamba kisa cha uumbaji hufahamika vema zaidi mtu anapouliza mwanadamu aliumbwa kwa kazi gani, na ni nani kati ya wanadamu aliyepewa cheo juu ya mwenziwe tangu siku hiyo ya kwanza, kuliko anapouliza ulimwengu ulifanywa kwa kitu gani. Vifaa vya uumbaji hufanana kutoka Iraki mpaka Guatemala. Kazi ya mwanadamu hutofautiana sana, na katika tofauti hiyo hujulikana hofu ya kila dini, uadilifu wake, na namna inavyowatazama wanyonge.

Tuanze na vifaa, japo kwa ufupi. Njia za kuumba ulimwengu katika visa vya watu ni chache. Huumbwa kwa neno, kama katika Taurati na Kurani, na kama katika jiwe jeusi la mfalme Shabaka wa Misri, lililochongwa yapata miaka 700 kabla ya kuzaliwa Masihi, ambalo husimulia kuwa mungu Ptah aliwaza vitu moyoni, akavitaja kwa ulimi, vikawa. Huumbwa kwa vita, kama Babeli. Huumbwa kwa kafara, kama katika Rigveda ya Wahindi, na katika visa vya kaskazini ya Ulaya vilivyoandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland katika karne ya 13, ambamo mwili wa jitu Ymir uligeuzwa nchi, damu yake bahari, na fuvu lake mbingu. Huanguliwa katika yai, kama Uchina, ambako Pangu alikaa miaka 18,000 hata mbingu na nchi zikatengana. Huzaliwa, kama katika utungo wa Hesiod Myunani, ambamo Dunia ni mama aliyeizaa Mbingu. Na huteremshwa kutoka juu, kama kwa Wayoruba wa Ile-Ife, ambao husimulia mjumbe aliyeshuka kwa mnyororo na mchanga na kuku, kuku akautawanya mchanga juu ya maji mpaka ikawa nchi kavu.

Sababu za kufanana huku ni tatu, na mwenye kulinganisha asipozitenga atapotea. Ya kwanza ni kuazimana. Tarehe 3 Desemba 1872, George Smith, fundi wa kuchonga sahani za kupigia chapa noti ambaye alijifundisha mwenyewe kusoma maandishi ya Babeli, aliwasomea wataalamu wa London, waziri mkuu Gladstone akiwamo, kisa cha gharika kilichoandikwa katika vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Ninawi, mahali palipokuwa na maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Kisa hicho kilikaribiana na khabari ya Nuhu hata katika ndege waliorushwa kutafuta nchi kavu. Mwaka 1876 Smith alichapisha na kisa cha uumbaji cha watu hao, na tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwamba Waebrania waliandika pasipo kujua majirani zao wanasema nini.

Sababu ya pili ni maisha yenyewe. Mtu aliyemwona mfinyanzi akiutia udongo umbo, aliyezika wazazi wake akaona miili ikirudi kuwa mchanga, na aliyeshuhudia maji yakimtangulia mtoto anayezaliwa, hana haja ya kuazima kwa jirani fikra kwamba mwanadamu ni udongo na kwamba maji yalitangulia viumbe. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kalamu ya aliyeandika. Visa vya Wazulu vilichapishwa na mmisionari Henry Callaway kati ya 1868 na 1870, wakati ambapo wamisionari walikuwa wakitafuta jina la kumwitia Mungu katika lugha ya wenyeji. Na wazee aliowauliza hawakuafikiana kama Unkulunkulu, aliyetoka katika matete, ni Muumba au ni babu wa kwanza wa watu. Mfaransa Marcel Griaule alichapisha mwaka 1948 falsafa ndefu ya uumbaji aliyosimuliwa na Ogotemmêli, mzee kipofu wa Wadogon wa Mali. Mwaka 1991 mtaalamu Mholanzi Walter van Beek aliandika kwamba alikaa katika nchi hiyo wala hakukuta falsafa hiyo ikijulikana na watu kama ilivyoelezwa. Kwa hiyo kila kisa kilichomo kitabuni kina baba wawili, msimulizi na mwandishi, na si haki kumsahau wa pili.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kisa cha Babeli kiitwacho Enuma Elish, kilichoandikwa katika vibao saba, husema kwamba hapo mwanzo palikuwa na maji mawili tu, Apsu wa maji matamu na Tiamat wa maji ya chumvi, yakachanganyika yakazaa miungu. Miungu vijana wakapiga kelele, Apsu akakusudia kuwaangamiza apate usingizi, naye akauawa. Tiamat akainuka kulipa kisasi, na miungu wote wakafadhaika ila Marduk, aliyekubali kupigana kwa sharti kwamba apewe ufalme juu ya wote. Akashinda, akaupasua mwili wa Tiamat vipande viwili, kimoja akakifanya mbingu, na katika macho yake akaitoa mito ya Furati na Dijla. Kisha akachinjwa Kingu, jemadari wa Tiamat, na kwa damu yake akafanywa mwanadamu, ili achukue kazi ya miungu nao wapumzike. Kisa cha Atrahasis, ambacho nakala zake kongwe ziliandikwa zaidi ya miaka 1,600 kabla ya Masihi, hulisema jambo hili kwa uwazi zaidi: miungu wadogo walichoshwa na kuchimba mifereji, wakachoma vyombo vyao vya kazi, wakaizingira usiku nyumba ya bwana wao Enlil, na shauri lililopatikana ni kuumba mtu wa udongo uliochanganywa na nyama na damu ya mungu aliyechinjwa, apokee jembe na kapu.

Mkulima wa Iraki ya zama hizo aliishi katika nchi isiyopata chakula bila mifereji, na mifereji haikuwako bila kazi ya shokoa. Aliposikia kisa hiki alikuwa anaelezwa maisha yake mwenyewe: jembe lake lilikuwa amri ya mbinguni, na mwenye kukataa shokoa alikuwa kama mtu anayewarudishia miungu mzigo wao. Enuma Elish ilisomwa mbele ya Marduk siku ya nne ya sikukuu ya mwaka mpya, na ndani yake miungu wenyewe huujenga mji wa Babeli, hata enzi ya mji ikafungamana na mpango wa mbingu. Na dalili kwamba siasa ilikaa ndani ya ibada ni hii, kwamba watu wa Ashuru, mahasimu wa Babeli, walipokinakili kisa kilekile kwa matumizi yao, katika baadhi ya nakala waliliondoa jina la Marduk wakatia la Ashur, mungu wa taifa lao.

Mbele ya maelezo hayo ndipo ufasaha wa Taurati unapodhihirika. Wataalamu wengi huona kwamba sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo ilipata umbo lake karibu na zama ambazo Wayahudi walikuwa mateka Babeli, baada ya Yerusalemu kubomolewa katika karne ya sita kabla ya Masihi. Yamkini waandishi wake walikuwa wakiishi chini ya mabwana walioamini kwamba mtu ni mtumwa wa miungu na kwamba mfalme peke yake ndiye sura ya mungu duniani. Jawabu lao halikutaja adui, walakini kila hatua yake ni jawabu. Hakuna vita; bahari haina uwezo wa kushindana na Mungu. Jua na mwezi, waliosujudiwa Babeli, huumbwa siku ya nne na huitwa mianga miwili tu, mkubwa na mdogo. Cheo cha kuwa sura ya Mungu, kilichokuwa cha mfalme, hupewa mwanamume na mwanamke pamoja, bila kutaja taifa wala ukoo. Na katika Babeli mtu hulisha miungu, ilhali hapa Mungu ndiye anayemlisha mtu, akimpa mimea na matunda kabla hajatenda kazi yoyote. Hata mapumziko, ambayo Babeli yalikuwa haki ya miungu iliyonunuliwa kwa jasho la watu, yanakuwa siku ya saba ambayo sheria ya Waebrania iliwapa mtumwa, mgeni na mnyama wa kazi.

Sura ya pili ya kitabu hichohicho husimulia kwa namna nyingine: mtu hufinyangwa kwa mavumbi, hupuliziwa pumzi, huwekwa bustanini ailime na kuitunza, na mwanamke huumbwa baadaye kwa ubavu wake. Jean Astruc, tabibu wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1753 kwamba masimulizi haya hutumia majina tofauti ya Mungu, akakisia kwamba yalitoka katika hati mbalimbali. Wenye kupenda ubishi huona hapa kasoro. Mimi naona hekima ya watu ambao, walipokuwa na visa viwili vitukufu, hawakukifuta kimoja ili kingine kitawale. Maana cha kwanza hufundisha heshima ya mwanadamu, na cha pili humkumbusha kuwa heshima hiyo imetiwa ndani ya mavumbi.

Kurani haikuweka khabari za uumbaji mahali pamoja kwa mfululizo; imezitawanya katika sura nyingi, kila mara kwa ajili ya mafunzo yanayotakiwa pale. Mahali pamoja mbingu na ardhi zilikuwa zimeshikana zikatenganishwa. Pengine amri ya Mwenyezi Mungu hutosha peke yake kukifanya kitu kiwe. Na mahali pengine hukanushwa kwamba uumbaji ulimpa Muumba uchovu. Kwa swali letu, penye uzito zaidi ni khabari ya Adamu katika sura ya Al-Bakara. Mwenyezi Mungu awaarifu malaika kwamba ataweka khalifa katika ardhi. Malaika wauliza kama atawekwa humo mwenye kufanya ufisadi na kumwaga damu. Adamu afundishwa majina ya vitu vyote, na elimu hiyo yawa hoja ya kustahili kwake. Kazi ya mwanadamu basi ni ukhalifa pamoja na ibada, na sura ya Al-Ahzab huzidi kuutia ukhalifa huo uzito kwa kusimulia amana iliyokataliwa na mbingu, ardhi na milima, akaichukua mwanadamu.

Ndani ya khabari hiyo mna nukta isiyopata wasomaji wa kutosha. Iblisi alipoamriwa kumsujudia Adamu alikataa, na hoja yake ilikuwa ya asili: yeye aliumbwa kwa moto na Adamu kwa udongo, na moto, kwa rai yake, ni bora. Yaani kiumbe wa kwanza kudai ukubwa kwa sababu ya kitu alichoumbwa kwacho ndiye wa kwanza kulaaniwa. Na anayejivunia nasaba hadi akawadharau waja wenziwe, awe wa bara au wa pwani, wa Arabuni au wa Ajemi, hana budi kujua hoja yake ilianza kutamkwa na nani.

Tukivuka bahari kwenda India tunakuta bahari nyingine ya fikra. Tungo mbili za kitabu cha kumi cha Rigveda hutofautiana kabisa. Ule wa 129 huuliza ulimwengu ulitoka wapi, hukumbusha kwamba miungu wenyewe walikuja baada yake, na hufika mpaka kushuku kama hata msimamizi wake aliye juu ya mbingu zote analijua jambo hilo; sijui kitabu kingine kitakatifu kilichothubutu kumaliza kisa cha uumbaji kwa swali. Ule wa 90 hauna shaka yoyote: miungu walimtoa kafara Purusha, mtu mkuu wa vichwa elfu, na katika viungo vyake vikatoka vitu vyote, mwezi katika nia yake na jua katika jicho lake, katika kinywa chake Wabrahmani, katika mikono yake wapiganaji, katika mapaja yake watu wa mali na biashara, na katika nyayo zake Washudra, watumishi wa wote. Baadaye wenye hekima wa Kihindu walihesabu zama zisizo mwanzo mmoja, ulimwengu ukiumbwa na kufumuliwa na kuumbwa tena, siku moja ya Brahma ikiwa miaka 4,320,000,000. Lakini katika mambo ya kila siku, ya nani ale na nani na nani achote maji kisima gani, ni utungo wa Purusha uliofanywa hoja.

Budha alilijibu dai hilo katika mafunzo yaitwayo Aggañña, aliyowapa wanafunzi wawili wa ukoo wa Kibrahmani waliotukanwa na jamaa zao kwa kumfuata. Aliwaambia kwamba wake za Wabrahmani huonekana wakichukua mimba, wakizaa na kunyonyesha kama wanawake wote, basi vipi watoto wao wawe wametoka kinywani mwa Brahma? Kisha akawasimulia kisa kisicho na Muumba. Palikuwa na viumbe wa nuru waliokaa hewani. Dunia ikatanda juu ya maji, tamu kama asali. Wakaionja, wakaizoea, nuru yao ikatoweka na miili yao ikawa mizito. Utamu ulipokwisha wakala mpunga uliojiotea, mpaka mmoja akaanza kuweka akiba, mwengine akagawa mashamba, mwengine akaiba, na ugomvi ukazuka. Ndipo wakamchagua mmoja wao awahukumu, nao wampe sehemu ya mpunga kuwa ujira. Kwa kisa hiki ufalme ni mapatano ya watu, na vyeo ni kazi walizojitwalia, wala hapana aliyeshushwa navyo kutoka mbinguni.

Mtu asidhani mambo haya yalibaki katika vitabu. Tarehe 25 Desemba 1927, katika mji wa Mahad, B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika tabaka la watu walioitwa wasiogusika, aliongoza mkutano uliochoma sheria za Manu, ambazo huanza na uumbaji na kuvijenga vyeo juu ya viungo vya mwili uleule. Mwaka 1946 alitunga kitabu kizima kuhoji asili ya Washudra, na tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia katika dini ya Budha pamoja na malaki ya wafuasi wake. Watu hao waliacha kisa kilichowaweka nyayoni.

Huko Guatemala Wamaya wa kabila la K'iche' wana kitabu kiitwacho Popol Vuh, kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16, baada ya nchi yao kutwaliwa na Wahispania mwaka 1524, nacho kilitufikia kwa nakala ya padre Francisco Ximénez ya mwanzoni mwa karne ya 18. Waumbaji walijaribu mara kadhaa. Wanyama hawakuweza kutamka majina ya waumbaji wao. Watu wa tope waliyeyuka. Watu wa mti walisema na kuzaa lakini hawakuwa na moyo wala kumbukumbu, hata vyungu vyao na mbwa wao wakawainukia kwa dhuluma waliyotendewa, na masalio yao ni nyani. Mwisho watu walifanywa kwa mahindi ya manjano na meupe, nao wakashukuru. Kazi ya mwanadamu hapa ni kukumbuka na kushukuru. Na kwa taifa ambalo vitabu vyake vilikuwa vikichomwa moto na washindi, kuandika kitabu cha namna hii kulikuwa ndiko kuitimiza kazi hiyo.

Afrika ina visa vingi kupita kiasi cha makala moja, na aghalabu haviulizi sana juu ya kitu kilichokuwako kabla ya vitu. Mungu alikuwako, na nchi ilikuwako. Vinachouliza ni nani alipewa nchi hii, na kwa nini tunakufa. Wagikuyu husimulia kwamba Ngai alimchukua Gikuyu mpaka juu ya Kirinyaga, akamwonyesha nchi ya mabonde na mito, akamwamuru ajenge Mukurwe wa Nyagathanga, ambako alimkuta Mumbi. Wakazaa mabinti tisa, nao ndio mama wa koo. Jomo Kenyatta alipokiandika kisa hiki katika kitabu alichochapisha London mwaka 1938, mashamba ya watu wake yalikuwa yametwaliwa na walowezi, na kila msomaji wake alielewa kwamba kisa cha asili ni ushahidi katika daawa ya ardhi. Waganda husimulia Kintu, aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu, akamposa Nambi binti wa Ggulu, akashinda mitihani ya mkwewe. Waliagizwa wasirudi nyuma, lakini Nambi akarejea kutafuta wimbi wa kuku, ndipo Walumbe, ndugu yake aliye mauti, akawafuata. Na kwa Wazulu, kama kwa mataifa mengi ya Kibantu, kinyonga alitumwa kuwapelekea watu khabari ya uzima akachelewa njiani, mjusi akatangulia na khabari ya mauti. Katika visa hivi mauti hayaletwi sana kwa uasi mkubwa. Huletwa kwa kusahau na kukawia, makosa ambayo hata mtu mwema huyafanya, na pengine kwa hiyo wazee wetu walimzika marehemu kwa simanzi pasipo kumtafutia dhambi.

Walakini haifai kuvisifu visa vya kwetu na kunyamazia vilivyotumiwa kwa dhuluma. Uchina yasimuliwa kwamba Nüwa alifinyanga watu wa kwanza kwa udongo wa manjano, akachoka, akachovya kamba topeni na kuirusha. Wa mkono wakawa wakubwa, wa kamba wakawa watu duni. Katika Rwanda ilisimuliwa kwamba Kigwa alishuka kutoka mbinguni, na kwamba Gatwa, Gahutu na Gatutsi waliachiwa maziwa wayalinde usiku kucha: wa kwanza akayanywa, wa pili akasinzia yakamwagika, wa tatu akayahifadhi, na kwa mtihani huo wakapewa vyeo. Juu ya kisa hicho Wazungu wakabandika kingine. Mwaka 1863 John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa wageni wa asili ya Hamu kutoka Uhabeshi, na wakoloni wa Ubelgiji wakaendesha utawala wao kwa dhana hiyo, ingawa Taurati haitaji rangi ya Hamu, na laana ya Nuhu iliyomo humo imemwangukia Kanaani, si Hamu. Visa viwili vilivyosema uongo ule ule kwa lugha mbili vikakutana. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa mmoja wa chama kilichotawala aliwaambia wasikilizaji kwamba Watutsi wangerudishwa Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo; na mwaka 1994 mito ya nchi ile ilichukua maiti mpaka ziwa Victoria. Mwenye kusema kwamba visa vya asili ni mambo ya kale yasiyo na madhara, na autazame mto ule.

Alhamdulillahi, dini zenyewe zimewahi kutoa dawa kutoka katika kisa kilekile kilicholetea watu sumu. Marabi wa Kiyahudi, katika Mishna iliyokusanywa yapata mwaka 200, waliuliza kwa nini Adamu aliumbwa peke yake, wakajibu: ili mtu asimwambie mwenziwe kwamba baba yake ni mkubwa kuliko wake, na ili ijulikane kwamba mwenye kuangamiza nafsi moja ni kama aliyeangamiza ulimwengu, na Kurani, katika sura ya Al-Maida, huyataja mafunzo haya ya nafsi moja kuwa ni hukumu waliyoandikiwa Wana wa Israili. Mtume Muhammad, katika khutba ya kuaga mwaka 632, aliwakumbusha waumini kwamba wote ni wa Adamu na Adamu ni wa udongo, na hakuna fadhila ya Mwarabu juu ya asiye Mwarabu ila kwa uchaji. Na mwaka 1381 padre John Ball, akihubiri kwa wakulima wa Uingereza walioasi, alifanya hoja ya Adamu alimaye na Hawa asokotaye nyuzi kuwa hukumu juu ya mabwana wa nchi. Watu wa zama na nchi mbalimbali wamekisoma kisa kimoja kwa upande wa wanyonge, na hakuna aliyekilazimisha kusema kisichokuwamo.

Wako watakaosema kwamba elimu ya nyota imekwisha kutuondolea haja ya visa hivi. Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji na mwanahisabati, alieleza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza katika kitu kimoja kilichoshikamana, na leo umri wake hukadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pio wa 12 aliisifu elimu hiyo mbele ya wanazuoni kana kwamba imeshuhudia uumbaji. Lemaître hakupendezwa, kwa maana aliona kuwa hesabu yake haina ulimi wa kuthibitisha imani wala wa kuikanusha. Naye alikuwa na haki. Elimu hiyo hueleza vitu vilifuatana vipi, na katika swali hilo ni lazima isikilizwe kuliko kisa chochote. Haidai kueleza kwa nini mwenye nguvu asimkanyage dhaifu. Aliyetupa visa vyote bila kupata jawabu jingine la swali hilo atajikuta amebaki na nguvu peke yake.

Mwenye kulinganisha visa vya uumbaji, basi, ana maswali matatu ya kukiuliza kila kisa kabla ya kukipenda au kukikataa: kinampa mwanadamu kazi gani, kinagawa vyeo kwa msingi gani, na kimesimuliwa na nani, mbele ya nani, kwa haja gani. Maswali haya hayamtoi muumini katika imani yake. Mwislamu atatoka humo akiogopa hoja ya Iblisi kuliko alivyoiogopa kwanza, Mkristo na Myahudi watatoka wakijua kwa nini siku ya saba ilimhusu mtumwa, na mwenye kushika mila za wazee atajua ni kipi cha kuhifadhi na kipi cha kuzika. Wala si lazima tukubaliane juu ya Muumba ndipo tukubaliane juu ya mwanadamu: kisa kinachomfanya kila mtu kuwa mwenye kustahili kuheshimiwa tangu asili yake, kiwe cha Taurati, cha Kurani, cha Budha au cha Mumbi na mabinti zake, kinastahili kufundishwa watoto wa majirani wote, na kile kinachowaweka baadhi ya watu nyayoni tangu siku ya kwanza kinastahili kujulikana, kuelezwa na kupingwa, hata kama ni sisi tuliokirithi.